Kigoma hadi Guangzhou: kilomita ngapi, na kwa nini tiketi inaonyesha kwenda saa 15 na kurudi saa 6?

Mkazi wa Mwanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa safari za ndege. Kuna safari ya biashara kutoka hapa Kigoma kwenda Guangzhou, China, kufuata vipuri vya pikipiki na vya injini za mitumbwi. Wakala amenitumia ratiba hii:

Jumatatu: Kigoma 14:00 – Dar es Salaam 16:00
Jumanne: Dar es Salaam 11:00 – Guangzhou 02:30 (+1)
Kurudi: Guangzhou 10:00 – Dar es Salaam 16:15

Kwanza, ni umbali wa kilomita ngapi? Kila tovuti ninayofungua inatoa namba yake. Pili, masaa hayaniingii akilini. Kwenda naona saa 15 na nusu, kurudi saa 6 na robo, na njia ni ile ile. Tatu, hiyo (+1) ina maana gani? Kuna mtu wa kunipokea kule na ninatakiwa kumpa siku na saa ya kufika bila kukosea.

Naomba kuwasilisha.

Fundi Ramani

Mkuu, namba zinatofautiana kwa sababu kila tovuti inapima kitu chake. Wengine wanapima moja kwa moja kutoka Kigoma hadi Guangzhou, ingawa hakuna ndege ya namna hiyo. Wengine wanajumlisha vipande viwili kupitia Dar. Wengine wanapima kutoka katikati ya mji, si kutoka uwanjani.

Mstari mmoja Kigoma–Guangzhou ni takriban km 9,576. Ukipitia Dar: Kigoma–Dar km 1,077, kisha Dar–Guangzhou km 8,711, jumla 9,788. Kwa hiyo kupitia Dar kunakuongezea km 212 tu. Ni kidogo kwa sababu Dar iko mashariki yako, na wewe unaelekea mashariki.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, chukua kikokotoo cha simu chenye saini na kosaini (vitufe vya sin na cos). Unahitaji latitudo na longitudo za viwanja:

Kigoma: 4.89 kusini, 29.67 mashariki
Dar es Salaam: 6.88 kusini, 39.20 mashariki
Guangzhou: 23.39 kaskazini, 113.30 mashariki

Hatua ni hizi. Zidisha saini ya latitudo ya kwanza kwa saini ya latitudo ya pili. Weka pembeni. Kisha zidisha kosaini ya latitudo ya kwanza, kosaini ya latitudo ya pili, na kosaini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha majibu hayo mawili, halafu bonyeza cos⁻¹ upate digrii. Kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni km 111.2.

Kwa Kigoma–Guangzhou: sehemu ya kwanza inatoa −0.0338, ya pili 0.1015. Jumla ni 0.0677. cos⁻¹ yake ni digrii 86.12. Zidisha kwa 111.2 unapata 9,576. Digrii 90 ni robo ya mzunguko wa dunia, kwa hiyo safari yako inakaribia robo nzima.

Makosa mawili yanawakamata watu hapa. La kwanza ni kusahau alama ya kutoa kwenye latitudo ya kusini. Ukiandika Kigoma 4.89 bila alama hiyo utapata km 9,143, jibu linaloonekana la maana kabisa, kumbe umeihamishia Kigoma Sudan Kusini. La pili ni kikokotoo kuwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe) badala ya digrii. Hapo saini na kosaini zote zitakuwa za ovyo.

Na usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Ramani ni dunia ya mviringo iliyolazimishwa kulala bapa. Njia fupi juu ya dunia ni upinde wa duara kuu (duara linaloigawa dunia nusu kwa nusu), na kwa Dar–Guangzhou upinde huo unavuka Bahari ya Hindi, unagusa kusini mwa India, unapita Ghuba ya Bengal, unaingia Myanmar na kaskazini mwa Laos na Vietnam. Katikati ya safari ni kama latitudo 10 kaskazini, longitudo 75 mashariki, baharini, magharibi mwa pwani ya Kerala, kusini mwa India.

Masaa nawaachia wa tiketi.

Dirisha la Tiketi

Nachukua ya pili na ya tatu.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya ukutani ya uwanja husika. 11:00 ni saa ya Dar. 02:30 ni saa ya Guangzhou. Ukitoa moja kwenye nyingine umechanganya saa mbili tofauti, kama mtu anayetoa dola kwenye shilingi. China yote inatumia saa moja, na saa hiyo imeitangulia ya Tanzania kwa saa 5, mwaka mzima. Nchi zote mbili hazibadilishi saa kwa majira.

Kwenda: kutoka 11:00 hadi 02:30 ya kesho yake ni saa 15 na nusu. Toa 5. Inabaki saa 10 na nusu.
Kurudi: kutoka 10:00 hadi 16:15 ni saa 6 na robo. Jumlisha 5. Unapata saa 11 na robo.

Tofauti halisi kati ya kwenda na kurudi ni dakika 45, si saa tisa. Ukielekea mashariki, toa. Ukielekea magharibi, jumlisha.

Sasa geuza kwenda saa zetu. Tiketi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua kuchomoza na kuzama. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6: 11:00 ni saa 5 asubuhi, 16:15 ni saa 10 na robo jioni. Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18: 21:30 ni saa 3 na nusu usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza 6: 02:30 ni saa 8 na nusu usiku. Zaidi ya mtu mmoja husoma 02:30 akasema "saa mbili na nusu", akamtuma mwenyeji uwanjani asubuhi, wakati yeye ameshakaa kwenye benchi saa sita.

(+1) maana yake unatua tarehe ya kesho yake kwa kalenda ya kule. Umeondoka Jumanne, unatua Jumatano.

Hapa ndipo nataka uwe makini kuliko penginepo. Mwandikie mwenyeji tarehe na saa vyote viwili, usimwambie "Jumatano usiku". Ukimwambia hivyo atakuja Jumatano baada ya jua kuzama, saa 17 au 18 baada ya wewe kutua. Wazee wa Ujiji wanaohesabu siku kuanzia magharibi wana usemi ulio sahihi kabisa kwa jambo hili: usiku wa kuamkia Jumatano. Kosa hili ni baya zaidi kwa wanaoondoka. Ndege ya Jumatano 00:40 inaruka saa 6 na dakika 40 usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Anayekwenda uwanjani Jumatano jioni amechelewa siku nzima, na tiketi ya mtu ambaye hakutokea kwa kawaida hufutwa pamoja na kipande chake cha kurudi.

Bandari ya Kibirizi

Kurudi kunachukua muda mrefu kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo Dar inaikimbia ndege. Ndivyo tulivyofundishwa.

Fundi Ramani

Hapana ndugu yangu, na ni vizuri umelileta kwa sababu wengi wanaamini hivyo. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa hiyo. Na hata kama hoja hiyo ingekuwa kweli ingekuwa kinyume: Guangzhou ingekuwa inaikimbia ndege wakati wa kwenda, kwa sababu ndege inaifuata kuelekea mashariki, na Dar ingekuwa inaijia wakati wa kurudi.

Kinacholeta tofauti ni upepo wa juu. Kati ya latitudo 25 na 30 kaskazini, kwenye kimo cha km 10 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mkali zaidi Novemba hadi Machi. Mara nyingi unapita km 150 kwa saa. Hicho ndicho kimo ambacho ndege kubwa hupita. Ndege ya Dar inagusa ukingo wake wa kusini sehemu ya mwisho, kuanzia Myanmar hadi kusini mwa China: kwenda unaisukuma, kurudi unaikabili. Juu ya bahari karibu na ikweta upepo ni hafifu, haubadilishi chochote cha maana.

Juni hadi Septemba hali ni nyingine. Mkondo ule unahamia kaskazini, na juu ya kusini mwa India upepo wa juu huvuma kutoka mashariki. Miezi hiyo tofauti ya kwenda na kurudi hupungua, na siku nyingine hugeuka.

Kanuni ya kukadiria: gawanya kilomita kwa 900 kwa ndege kubwa kama Boeing 787, ongeza asilimia 3 hivi kwa sababu ndege hufuata njia zilizopangwa, si upinde kamili, halafu ongeza nusu saa ya kujongea ardhini, kupanda na kushuka. Dar–Guangzhou: 8,711 inakuwa kama 9,000, gawanya kwa 900 ni saa 10, jumlisha nusu saa. Umeipata saa 10 na nusu ya wakala wako.

Kanuni hiyo usiipeleke kwenye kipande cha Kigoma. Kule inayoruka kwa kawaida ni Q400 ya mapangaboi yenye viti 76, mwendo wake ni kama km 650 kwa saa. 1,077 gawanya kwa 650 ni saa 1 na dakika 40, na dakika 20 za kupanda na kushuka. Saa mbili.

Stesheni Tabora

Niongeze hapo hapo. Ikiwa ndege ya Kigoma itapitia Tabora kuchukua abiria, usiangalie kilomita. Kigoma–Tabora ni km 351 na Tabora–Dar ni km 732, jumla 1,083. Umeongeza km 6, yaani si kitu, Tabora iko njiani kabisa. Lakini muda unaongezeka karibu dakika 45 hadi saa nzima, kwa sababu ndege inashuka, inatua, inakaa dakika 20 au 25 mlango wazi, kisha inapanda upya. Kwa safari fupi, kutua ndiko kunakokula muda.

Kwa hiyo muulize wakala kama namba ya safari ile ina kituo katikati. Tiketi huandika kuondoka na kufika tu, kituo kinajificha.

Mkazi wa Mwanga

Nashukuru sana wakuu, sasa naanza kuona mwanga. Je, siwezi kuondoka Kigoma asubuhi ya Jumanne hiyo hiyo nikaunganisha Dar, nisilipe nyumba ya wageni? Na kuna jamaa ananishawishi nipite Bujumbura na Addis Ababa, anasema ni karibu zaidi.

Dirisha la Tiketi

Swali la kwanza linategemea kitu kimoja: tiketi yako ni moja au ni mbili?

Angalia namba ya uhifadhi, ile ya herufi na tarakimu, jumla sita. Ikiwa Kigoma–Dar na Dar–Guangzhou ziko chini ya namba moja, shirika linawajibika kukufikisha. Ndege ya Kigoma ikichelewa watakuweka kwenye inayofuata. Begi nalo linaweza kuandikiwa lebo hadi Guangzhou; soma herufi kwenye lebo kabla hujaondoka kaunta, CAN ni Guangzhou, DAR maana yake utalichukua Dar mwenyewe. Ikiwa ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ukichelewa ya pili imekupotea, na mwenye ya kwanza hadaiwi chochote.

Ndege ya kimataifa inataka uwe uwanjani saa 3 kabla. Kaunta kwa kawaida hufungwa saa 1 kabla ya kuruka. Kwa kuruka 11:00 utatakiwa uwe pale 08:00, yaani saa 2 asubuhi. Ili utue Dar saa 2 asubuhi ingekubidi uruke Kigoma saa 12 alfajiri, na hapo hujaweka hata dakika ya kuchelewa. Kwa tiketi mbili mimi siwezi kumshauri mtu aache chini ya saa 6 kati ya kutua na kuruka, na msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, alale Dar. Radi za mchana magharibi mwa nchi zikisimamisha ndege ya Kigoma, hakuna nyingine ya saa inayofuata.

Pale Dar pia kuna majengo tofauti ya abiria. Safari za kimataifa zinatoka Jengo la Tatu. Ukitua na ndege ya ndani ukashushwa jengo jingine, unatoka nje na mizigo yako na kutafuta usafiri, kisha foleni ya ukaguzi inaanza upya. Hesabu saa nzima kwa hilo peke yake.

Ratiba ya wakala, kulala Dar Jumatatu, ni nzuri. Iache ilivyo.

Fundi Ramani

Kuhusu Bujumbura, jamaa yako hajakosea kwa kilomita ukilinganisha na kutoka Dar kupitia Addis au Dubai. Kigoma–Bujumbura kwa mstari ulionyooka ni km 178, Bujumbura–Addis 1,726, Addis–Guangzhou 8,038. Jumla 9,942. Ukipitia Dar kisha Addis ni 1,077, 1,764 na 8,038, jumla 10,879. Dar kisha Dubai ni 1,077, 3,978 na 5,827, jumla 10,882. Addis na Dubai zinalingana kwa umbali hadi tofauti ya km 3, jambo ambalo ukiangalia ramani huwezi kulidhani.

Lakini ya kwako ya moja kwa moja kutoka Dar ni 9,788. Bado ni fupi kuliko zote.

Bandari ya Kibirizi

Hapa nasema kwa uhakika. Kupitia Bujumbura unavukia Manyovu kwenda Mugina kwa barabara. Mtanzania anavuka na pasipoti bila kulipia viza, hilo si tatizo. Tatizo la kwanza ni saa: Burundi iko nyuma yetu saa moja. Kwetu ikiwa saa 4 asubuhi, kwao ni saa 3. Kwenda unapata saa ya ziada, kurudi unaipoteza, na anayesahau kurudisha simu yake anakuta mpaka umefungwa au gari limeondoka. Tatizo la pili ni mzigo. Unarudi na vipuri vya biashara, unaviingiza Burundi kwanza, halafu Tanzania. Ni forodha mbili kwa mzigo mmoja, na kila upande unataka karatasi zake. Kwa msafiri mwenye begi la nguo njia hiyo inafaa. Kwa mfanyabiashara, hapana.

Na vipuri vyenyewe usitegemee Q400 ivifikishe Kigoma. Posho ya ndege ya nje mara nyingi ni mabegi mawili ya kilo 23, ya ndani ni kilo 23 basi, na tiketi zikiwa mbili kila moja inafuata posho yake. Mzigo uliopita bure kutoka China unalipiwa kilo kwa kilo kutoka Dar. Ushushe Dar, upeleke kwa basi la mizigo au treni, wewe panda na begi la nguo.

Stesheni Tabora

Kwenye treni apige hesabu yake vizuri. Reli ya Kati ni kama km 1,250 Dar hadi Kigoma, dhidi ya 1,077 za ndege, na ni safari ya siku mbili hivi. Mzigo wa chuma afunge kwenye kasha la mbao, si boksi la karatasi, na aandike jina la kituo cha mwisho pande mbili. Tabora ndipo njia ya Mwanza inapotengana na ya Kigoma, na kasha lenye maandishi upande mmoja likigeuzwa linakwenda Mwanza.

Mkazi wa Mwanga

Wakuu mmenifungua. Naomba mnikosoe kama nimeelewa vibaya. Naondoka Kigoma Jumatatu saa 8 mchana, nafika Dar saa 10 jioni, nalala. Jumanne saa 2 asubuhi niko Jengo la Tatu. Naruka saa 5. Natua saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumatano kwa saa ya China, ambayo hapa nyumbani ni saa 3 na nusu usiku wa Jumanne. Jumla kutoka Kigoma ni saa 31 na nusu, na kati ya hizo angani ni saa 12 na nusu tu. Mwenyeji nimwambie Jumatano, tarehe ya kule, 02:30. Hoteli nichukue kuanzia Jumatano.

Dirisha la Tiketi

Yote sawasawa isipokuwa hoteli. Chukua kuanzia Jumanne. Siku ya hoteli huanza mchana, kwa kawaida kuanzia 14:00, kwa hiyo anayeingia saa 8 na nusu usiku anatumia usiku wa Jumanne. Ukiweka Jumatano utakuta chumba hakijawa chako hadi mchana. Na ukishaweka Jumanne waandikie kwamba utaingia Jumatano 03:30 hadi 04:30, la sivyo watakuhesabu hukutokea na watakitoa kwa mwingine. Muda huo ni kwa sababu ya foleni ya uhamiaji na begi, na uwanja wa Baiyun uko kama km 28 kaskazini mwa mji. Saa hizo treni za chini ya ardhi zimelala, zinaanza alfajiri kwenye saa 12. Kama mwenyeji hana gari, akuandikie anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina uionyeshe kwa dereva wa teksi, na uihifadhi kama picha kwenye simu kabla hujaruka Dar.

Mkazi wa Mwanga

Nimembadilishia wakala sasa hivi, Jumanne. Anwani nimeiomba. Mungu awabariki.